Sikio la Kushoto la Jilala

Jumanne, 1 Oktoba 1996

Madaftari ya hesabu ya darasa la tano, sitini na mawili. Nimesahihisha nusu. Joto kali. Mvua bado.

Jilala, mume wangu, amekaa barazani na redio yake tangu asubuhi. Spika ya redio hiyo ilikufa siku nyingi, inasikika kwa kisikilizio kimoja tu cha kuchomeka sikioni. Huwa anakichomeka sikio la kulia. Leo nilisimama kushoto kwake nikamwambia bati la jikoni limelegea. Kimya. Nikarudia. Kimya. Mara ya tatu nikatumia sauti ya darasani, ndipo akakichomoa. "Umesema?"

Zamani alikuwa anasikiliza redio hiyo hiyo na kunijibu bila hata kugeuka. Sasa hanijibu. Sijapenda.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimefua. Mashuka hayakauki vizuri kwa vumbi la malori. Msimu wa pamba umekwisha lakini malori ya wanunuzi binafsi bado yanapita.

Lori moja la namna hiyo ndilo lililomwangusha Jilala mwezi wa nane, njia ya Kasoli. Alikuwa mpangaji wa madaraja ya pamba wa chama cha msingi cha ushirika, mtu wa kushika pamba kwa vidole na kusema hii safi, hii fifi, ya daraja la chini, na wakulima wakakubali. Wanunuzi binafsi walipoingia hawakuhitaji mtu wa kubishana nao juu ya daraja. Akaishia kupakia pamba kwenye lori lao na kusafiri juu ya shehena. Lori liliruka shimo, akaangukia kichwa. Siku nne hakujitambua. Siku ya tano akaniuliza kama nimekula.

Amerudi mzima. Anatembea, anahesabu, anakumbuka majina. Ila mimi hanisikii.

Mama yake anamsikia. Mayu Holo, yaani Mama Holo, ana nyumba yake hapa hapa uani. Leo nimemwambia mwanawe ana shida ya masikio. Akacheka. "Mbona mimi ananisikia, mayu?" Ni kweli. Mama yake akitokea tu, Jilala anakichomoa kisikilizio na kukishika mkononi kwa heshima. Mimi sina heshima hiyo. Nimeliona.

Jumatano, 9 Oktoba

Leo nimemjaribu.

Redio sikioni, taarifa za habari. Nikasimama kushoto, nikasema kwa sauti ya kawaida, nipe hicho kikombe. Alikuwa anatazama barabarani. Hakugeuka. Lakini mkono wake wa kushoto ukaenda kwenye kikombe, ukakiinua, ukanipa.

Nikamwambia achomoe hiyo takataka. Nikamuuliza, kwa hiyo unanisikia? Akakitazama kikombe mkononi mwangu kama kitu kilichookotwa. "Sijasikia kitu, Mama Kabula. Ulisema?"

Mwongo. Miaka kumi na sita ya ndoa na sijawahi kumwita hivyo. Leo nimeandika.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimeomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nimempeleka Jilala zahanati ya misheni. Tabibu amemchungulia masikio yote mawili kwa kitochi. Safi. Akagonga chuma chenye panda mbili kikalia, akakisogeza huku na huku. Anasikia. Akasimama nyuma yake akanong'ona maneno, sikio moja moja. Jilala akayarudia yote, hata "bilinganya".

"Masikio mazima kabisa, mwalimu," tabibu akaniambia. Akanitazama mimi kama mgonjwa.

Njia nzima ya kurudi Jilala alikuwa anafurahi. Masikio mazima. Kwa hiyo ni dharau. Nilihitaji kujua, sasa nimejua.

Jumanne, 22 Oktoba

Maduhu amekuja na baiskeli yake mpya. Ndiye kaka mkubwa wa Jilala. Ananunua pamba kwa niaba ya kampuni moja ya binafsi na siku hizi anavaa viatu vya ngozi hata shambani. Amesema kuna familia kijiji cha Ngulyati ina kijana, ina ng'ombe wengi, imemwona Kabula na inataka kumposa.

Kabula ndiye mtoto wetu pekee. Amefanya mtihani wa darasa la saba mwezi uliopita. Tunangoja majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Nimemfundisha mwenyewe, najua alichoandika.

Maduhu hakunitazama alipokuwa anazungumza. Alimtazama mdogo wake. Jilala akasema atafikiri. Maduhu akasema asifikiri sana, mwaka huu wenye ng'ombe wanachagua wanapotaka.

Mayu Holo alikuwa amekaa karibu nao anachambua mtama. Hakuinua kichwa. Anajua. Wote watatu wanajua jambo ambalo mimi sijaambiwa.

Jumamosi, 2 Novemba

Ujumbe kutoka Malampaka. Mama yangu anaumwa, ameshindwa kula. Naondoka sasa hivi na gari la saa nne.

Nimemuaga Jilala barazani. Redio kama kawaida. Nikamwambia wazi, nikiwa nimesimama palepale kushoto na mzigo mkononi: Maduhu akija usimpe jibu lolote kuhusu Kabula mpaka nirudi. Akainua mkono wa kushoto, kiganja juu, vile anavyofanya akikubali. Nimeridhika. Angalau hilo amelisikia.

Alhamisi, 7 Novemba

Mama anaendelea vizuri. Nimerudi saa nane mchana, vumbi mpaka kwenye meno.

Uani kuna alama za magurudumu ya baiskeli nyingi. Mayu Holo akanipokea kwa furaha nyingi mno. Kabula alikuwa jikoni anamenya viazi. Hakuinua macho. Nikajua kabla sijaambiwa.

Wamekuja watu wa Ngulyati juzi. Jilala amewapa neno. Ng'ombe watakuja baada ya Krismasi.

Nikamwambia, nilikukataza. Akasema hukunikataza. Nikamwambia, nilisimama hapa, ukainua mkono. Akasema, mkono gani? Ulisema unaenda Malampaka kwa mama, basi. Hilo nilikuwa nimemwambia ndani, kabla hajachukua redio. Akaapa kwa kaburi la baba yake. Mtu anaapa kwa kaburi la baba yake huku ananitazama machoni.

Namchukia. Naandika tena nisije nikasahau. Namchukia.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimehamishia godoro langu chumbani kwa Kabula. Ameniuliza, "Mama, kwani baba hakujua hutaki?" Nikamwambia alijua. Akasema baba hajawahi kumdanganya. Mtoto anamtetea mtu aliyemgawa.

Jumanne, 12 Novemba

Mwalimu mwenzangu, tunakaa naye dawati moja ofisini, ameniambia mwanaume anayejifanya hakusikii ana mwingine anayemsikia. Akataja Kasoli. Akasema ndiyo maana alikuwa juu ya lori lile siku ile, hakukuwa na kazi ya kupakia.

Sikufundisha vizuri. Nimewapa watoto waandike insha nikakaa dirishani. Nilipofika nyumbani nikapekua mifuko ya shati lake. Tumbaku, kipande cha pamba safi, basi. Kipande cha pamba nimekishika muda mrefu. Kwa nini anatembea na pamba mfukoni?

Jumatano, 13 Novemba

Nimemuuliza kuhusu pamba hiyo. Amesema anaishikashika vidole visisahau kazi. Sijui niamini nini.

Jumapili, 17 Novemba

Sikwenda kanisani. Sitaki kuandika hili lakini nitaandika.

Baada ya chakula cha mchana alikuwa barazani na kisikilizio. Nikaenda nikasimama kushoto kwake, karibu kabisa, kama ninayeanua nguo kwenye kamba. Nikasema polepole, kwa sauti ya kumwambia mtu siri: "Afadhali ungekufa kwenye lile lori."

Hakugeuka. Aliendelea kutazama barabara. Nikasema moyoni, haya, umesikia, jifanye sasa.

Halafu machozi yakaanza kumtoka. Uso haukubadilika. Ulikuwa uso wa mtu anayesikiliza redio, na machozi yanashuka mpaka kwenye ndevu. Akajigusa shavu, akatazama vidole. Akachomoa kisikilizio na kuniona nimesimama pale.

"Mama Kabula, nalia nini? Wanasoma bei za mazao tu."

Alikuwa anaogopa. Namjua Jilala akiogopa, midomo yake inakuwa mikavu. Hakuna mtu anayeweza kuigiza midomo.

Nimekwenda nyuma ya choo nikakaa chini. Nimefanya nini?

Jumatatu, 18 Novemba

Nimetoka shule mapema. Nimemwomba Jilala anivumilie kidogo, nina jaribio, kama yale tunayofanya na watoto darasani. Akakubali. Tangu jana anakubali kila kitu.

Kwanza redio sikio la kulia, mimi kushoto, sauti ya kawaida. Nikasoma maneno kumi kutoka kitabu cha darasa la pili. Hakurudia hata moja. Habari za redio alizirudia zote.

Pili nikahamishia kisikilizio sikio la kushoto, mimi nikasimama kulia. Akarudia maneno yangu yote kumi. Nikamuuliza redio imesema nini. Akafungua mdomo, akafunga. Hajui. Akaniuliza kama betri imeisha. Nikakichukua nikasikiliza mwenyewe. Betri nzima, mtu anazungumzia mbolea.

Tatu, bila redio. Anasikia kote.

Tumerudia mara tatu. Jibu ni lile lile. Kama anadanganya, kwa nini asidanganye nikiwa kulia?

Nimeandika kila kitu kwenye karatasi na kuipeleka kwa tabibu. Ameisoma mara mbili. Safari hii hakunitazama vibaya. Ameandika barua twende Mwanza.

Ijumaa, 29 Novemba. Mwanza

Tumelala kwa binamu yangu, asubuhi tukaenda hospitali kubwa. Foleni mpaka saa sita. Daktari wa mambo ya vichwa ni mzee mfupi mwenye sweta, joto lote hili. Amemuuliza Jilala maswali ya kawaida, halafu akaleta kaseti na hedifoni za masikio mawili.

Alisema katika ukanda huo kila sikio linapewa neno lake, kwa wakati mmoja. Akamwekea. Kila baada ya maneno mawili Jilala anasema aliyosikia. Daktari akawa anaandika. Kulia yote. Kushoto hakuna.

Kisha akaleta mfuko wa kitambaa, ndani kuna vitu vidogo vidogo. Akamwambia Jilala aingize mkono wa kushoto bila kutazama, atoe kitu alichoambiwa. Kaseti ikasema. Daktari akauliza, umesikia nini? Jilala akasema, "Ufunguo." Mkono ukatoka na kijiko.

Jilala akakitazama kile kijiko. Mimi nilishika ukingo wa meza.

Daktari akanionyesha karatasi. Sikio la kushoto lilikuwa limeambiwa kijiko.

Nikashuku. Nimezoea kushuku. Nikasema ninataka kuvalishwa mimi hizo hedifoni. Hakukasirika. Nikavaa. Nilisikia maneno yote mawili yakigongana, ufunguo huku, kijiko kule, nikayataja yote. Nikazivua.

Alichoeleza nakiandika kama nilivyokielewa. Ubongo una pande mbili, na kila upande una mahali pake pa kusikia. Sikio la kushoto linapeleka habari zaidi upande wa kulia wa ubongo, na sikio la kulia upande wa kushoto. Lakini maneno, kwa watu wengi, makao yake ni upande wa kushoto. Huko ndiko mtu anakozungumzia. Kwa hiyo kinachoingia sikio la kushoto lazima kivuke kutoka upande mmoja wa ubongo hadi mwingine ndipo mdomo ukijue. Kuna fungu nene la mishipa ya fahamu katikati, hapo ndipo pa kuvukia. Jilala alipoanguka kichwa kilitikisika na sehemu ya nyuma ya fungu hilo ikakatika. Kukiwa kimya anasikia, kwa sababu kila sikio lina kijia kidogo pia cha kwenda upande wake wenyewe. Sauti mbili zikija pamoja, ile ya sikio la kulia inakifunika kijia hicho.

Nikauliza lile nililoogopa kuuliza. Nikimwambia jambo kushoto na redio iko kulia, ananisikia au hanisikii?

Daktari akafikiri. Akasema, "Upande mmoja unakusikia, mama. Unaelewa kiasi, unaweza hata kutii. Ila hauna mdomo. Na upande wenye mdomo haujaambiwa."

Na machozi? Nikauliza. Unaweza kulia?

"Unaweza."

Akasema huenda atazoea, huenda hatazoea. Dawa hana. Nimwambie mambo nikiwa kulia, au redio ikiwa imezimwa. Basi.

Jumamosi, 30 Novemba

Kwenye basi, Jilala dirishani. Tulipopita Magu akaniuliza, siku ile nilipolia, ulikuwa umesema nini?

Nikamwambia nilisema mvua imechelewa.

Akaitika kwa kichwa. Nimemdanganya mtu ambaye kwa wiki saba nimemwita mwongo.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua imenyesha siku mbili. Tumepanda pamba. Godoro nimelirudisha chumbani kwetu.

Maduhu amekuja. Jilala akamweleza habari za Mwanza. Maduhu akasikiliza mpaka mwisho, akasema hayo ni maneno ya mwanamke msomi, mtu hawezi kuwa na nusu inayosikia na nusu isiyosikia. "Ulisema ndiyo kwa mdomo wako. Ng'ombe wanakuja." Mayu Holo akasema kama kuna kitu kimeingia kichwani mwa mwanawe basi apelekwe kwa mganga wa kule Ngulyati, siyo kwa wazungu wa Mwanza. Nikamwambia daktari alikuwa Msukuma.

Bado ninashuku. Jilala akinyamaza nashindwa kujua, ni kichwa chake au ni yeye? Naona aibu lakini ndivyo ilivyo. Leo nimekagua mara mbili kisikilizio kiko sikio gani.

Alhamisi, 12 Desemba

Majina yametoka. Kabula amechaguliwa. Sekondari ya bweni.

Nilimwambia Jilala nikiwa mbele yake, redio imezimwa, nimemshika mabega. Halafu akasema kesho kutwa tutakwenda Ngulyati, mimi na yeye.

Jumamosi, 14 Desemba

Tumekwenda kwa baiskeli, nimebebwa nyuma. Njia ina matope.

Wazee watano wa familia ile, na Maduhu tayari amefika. Jilala hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alisimama. Akasalimia kwa Kisukuma, mwadila, akawaambia alitoa neno bila kumsikia mama wa mtoto, na kwamba alikatazwa na hakujua amekatazwa. Akawaeleza kuanguka, ufunguo, kijiko. Kila kitu. Vijana waliokuwa wamesimama nje wakacheka. Mmoja akauliza ni nusu ipi inayozungumza sasa.

Jilala akamjibu bila hasira. "Hii yenye mdomo. Inasema mtoto anakwenda shule."

Mkubwa wa wazee akasema ng'ombe hawajatoka zizini, hakuna kilichoharibika, lakini nyumba yetu isitajwe tena kwao. Maduhu akatema mate chini, akapanda baiskeli yake akaondoka bila kuaga.

Njiani Jilala alisimama mara moja kupumzika. Nilimfuta matope kwenye suruali.

Jumanne, 17 Desemba

Mayu Holo amefunga vitu vyake. Anakwenda kuishi kwa Maduhu. Ameniambia mbele ya Jilala kwamba nimemgawa mwanawe vipande viwili. Jilala amembebea mzigo mpaka barabarani, akangoja naye gari. Amerudi macho mekundu. Safari hii anajua analia nini.

Sikumtaka yule mama hapa. Sasa uani pamekuwa papana mno.

Jumatatu, 13 Januari 1997

Kabula ameondoka na basi la saa moja. Godoro, ndoo, sanduku la bati. Baba yake alimshauri akae mbele darasani. Alipanda bila kulia. Mimi ndiye niliyelia.

Jumamosi, 25 Januari

Kupalilia pamba. Tumeanza saa kumi na mbili, jua halijakaza.

Katikati ya tuta la pili nilisimamisha jembe nikamwambia. Nilisema, siku ile uliyolia, sikusema habari za mvua. Nikamwambia neno lenyewe kama nilivyolisema, silabi kwa silabi.

Jilala akaegemea jembe lake. Kisha akasema, "Kumbe ni hilo." Akasema tangu siku ile, nikimkaribia, kuna wakati mwili wake unashtuka, na alikuwa anajiuliza ni kwa nini, maana hana kinyongo nami.

Nikasema samahani. Hakujibu. Redio ilikuwa nyumbani. Alinisikia.

Akalima mpaka mwisho wa tuta lake, mbali kule karibu na miti. Nikafikiri atapitiliza nyumbani. Akageuka, akaanza tuta lililo jirani na langu, tukarudi pamoja. Saa tano tukaacha, jua lilikuwa kali. Imebaki sehemu ndogo ya kumalizia Jumatatu.